Safu ya Tatu

Nilifika kwenye lango la ukumbi saa tisa na dakika ishirini alasiri. Onyesho lilipangwa kuanza saa kumi kamili. Nataja saa kwa sababu baadaye msimamizi wa walinzi alidai kwamba nilichelewa, na sikuchelewa.

Nilivaa gauni la kijivu, lile la misibani na la mikutano ya wazazi. Mkobani nilikuwa na miwani, leso, simu, kitambulisho, chupa ya maji, na kile kipande cha shaba cha kuwekea mdomo kilichotoka kwenye tarumbeta ya kwanza ya mtoto wa dada yangu. Asubuhi nilikuwa nimekisugua kwa dawa ya meno mpaka kikang'aa. Nilitaka kumpa wakati wa mapumziko, maana baada ya onyesho wanamuziki wote walikuwa wanapanda basi moja kwa moja hadi uwanja wa ndege, na kutoka hapo angekuwa mbali kwa miaka miwili.

Mtoto huyo sasa ana miaka thelathini na mmoja na ndiye mpiga tarumbeta wa kwanza. Aliletwa kwangu akiwa na tisa, mwaka aliofariki dada yangu, akakaa mpaka alipokwenda chuo. Katika muda wote huo sikuwahi kumsikia akipiga mbele za watu. Shuleni alipiga mara nne, na mara zote nne nilikuwa zamu. Chuoni alipiga kwenye mahafali yake, na wiki hiyo ofisini kwetu kulikuwa na ukaguzi. Nilimsikia nyumbani tu, akiwa chumbani kwake, tarumbeta ameielekeza ndani ya kabati la nguo ili majirani wasilalamike. Muziki wake wote niliujua kupitia makoti.

Ijumaa alinipigia simu.

"Mama mdogo, nimekuwekea kiti. Safu ya tatu, kiti cha kumi na moja. Ni katikati kabisa, nikisimama nakitazama uso kwa uso."

"Nitakuwepo."

"Hata mahafali ulisema hivyo."

"Mahafali kulikuwa na ukaguzi."

"Najua. Nasema tu." Alicheka kidogo. "Safari hii nitakiangalia hicho kiti. Kikiwa kitupu, basi, nitajua. Sitauliza tena."

Nilimwambia hakitakuwa kitupu. Nimestaafu. Sina zamu.

Langoni kulikuwa na meza, na mezani binti mwenye orodha. Nyuma yake alisimama mlinzi mmoja mpana ambaye wenzake walimwita Kifua, na jina lilimfaa. Mkononi alikuwa na simu ya upepo iliyokoroma muda wote bila mtu kuijibu.

"Shikamoo, mama," alisema binti bila kuinua macho. "Tiketi?"

"Marahaba. Sina tiketi, nimeandikwa. Mgeni wa mpiga tarumbeta wa kwanza. Safu ya tatu, kumi na moja."

Alishusha kidole kwenye karatasi. "Yupo. Kitambulisho?"

Nilimpa. Akakitazama, akaitazama orodha, akarudi kwenye kitambulisho.

"Jina hili silo."

"Lililoandikwa ni lipi?"

Aliigeuza karatasi ili nione. Ilikuwa na safu tatu: mwanamuziki, kiti, jina la mgeni. Kwenye safu ya tatu, kwa mwandiko ninaoujua, herufi zikiegemea kushoto kama watu wanaopigwa na upepo, palikuwa na neno moja: *Mama*.

Nililisoma mara tatu, ingawa ni neno la silabi mbili.

Nilikuwa karani wa vizazi na vifo kwa miaka ishirini na tisa. Fomu kama ile ningeirudisha papo hapo. Uhusiano hauandikwi kwenye safu ya jina. Daftari letu la vizazi nalo lilikuwa na safu zake: ya kwanza jina la mtoto, ya pili la baba, ya tatu la mama. Safu ya tatu ndiyo iliyoleta matatizo, kwa sababu watu walikuja na machozi wakitaka waandikwe pale wasipostahili. Bibi aliyelea. Shangazi aliyenyonyesha. Mke wa pili. Niliwapa kiti, niliwapa maji, na niliwarudishia fomu zao.

"Kuna nini hapo?" aliuliza Kifua.

"Jina haliendani."

Aliinama mpaka kivuli chake kikafunika meza. "Mama, swali jepesi tu. Wewe ndiye mama yake?"

Nikajibu, "Mimi ni mama yake mdogo."

Ndilo jibu sahihi. Ndilo nililompa hata yeye mwenyewe. Siku ya tatu tangu aletwe kwangu, aliingia jikoni akauliza, "Mama, daftari langu la hesabu liko wapi?" Niliacha nilichokuwa nafanya, nikamkalisha, nikamweleza kwamba mama yake ni mmoja, ni dada yangu, na mimi ni mama mdogo. Nilidhani namlindia kitu. Aliitikia kwa kichwa, akachukua daftari, na hakurudia tena kwa miaka ishirini na miwili.

"Mdogo?" Kifua alitoa macho. "Baba yake alioa wangapi?"

Watu kwenye foleni walicheka.

"Hakuna cha wangapi. Mama yake mzazi ni dada yangu. Alifariki."

"Pole sana. Lakini sasa umenichanganya kabisa. Hapa imeandikwa mama. Kama mama ni marehemu, aliyealikwa ni nani? Marehemu?"

"Makubwa!" alisema mtu nyuma yangu.

"Mwiteni aje anitambue," nikasema.

"Tumwite mpiga tarumbeta? Nusu saa kabla ya kupanda jukwaani? Eti njoo utuchagulie mama?" Alimgeukia binti. "Wiki iliyopita yule mwimbaji alikuwa na mama wangapi?"

"Watano," alisema binti. "Mmoja alikuwa na ndevu."

Foleni ilicheka tena, na safari hii hata mimi nilielewa kwamba mzaha ulikuwa mzuri. Akilini niliona kiti cha kumi na moja kikiwa kitupu na mtoto amesimama mbele yake.

"Basi, kijana," nikasema, "andika kwamba mimi ndiye mama."

"Eeh!" Kifua alinyanyua mkono kama aliyekamata mwizi. "Sasa umebadilisha maelezo."

Kauli hiyo ilikuwa yangu. Niliitumia ofisini kwa miaka ishirini na tisa, kwa sauti ya upole kuliko yake, lakini ilikuwa ileile, na hakuna mtu aliyewahi kunipa jibu zuri.

Alichukua mkoba wangu akaumimina mezani. Leso ikaanguka chini na hakuna aliyeiokota. Akashika kile kipande cha shaba kwa vidole viwili.

"Hiki chuma cha nini?"

"Si chuma, ni shaba. Kinachomekwa kwenye tarumbeta, mtu anaweka mdomo hapo."

"Kinaweza kurushwa jukwaani."

"Hata kiatu kinaweza."

Hapo nilikosea. Lilikuwa jambo la kweli, lakini nilikosea kulisema. Alinishika kiwiko, si kwa kuumiza, ila kwa namna ambayo mtu hushika toroli, akanipeleka kwenye kibanda cha walinzi mbele ya watu wote. Miguu yangu ilikwenda haraka kuliko nilivyoiagiza. Sijashikwa hivyo tangu nikiwa mtoto.

Kibanda kilikuwa na kiti cha plastiki, kalenda iliyopitwa na miaka miwili, na sanduku la vitu vilivyozuiwa: miavuli, viberiti vya gesi, chupa za manukato. Kipande changu kikatupwa humo. Nikarudishiwa mkoba, nikapewa kibao cha mbao chenye namba kumi na nne.

Dirisha lilikuwa wazi na meza ilikuwa hatua sita tu kutoka pale. Kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo mwanamke wa rika langu, amejifunga kitambaa cha kijani kichwani. Alisogea mezani.

"Tiketi?" aliuliza binti.

"Mimi ni mama wa mpiga tarumbeta."

"Kitambulisho?"

"Kiko kwenye mkoba wa binti yangu, ameshatangulia ndani. Lakini si mmeandika *Mama* tu? Mama ndiye mimi."

Binti aliitazama orodha. Foleni ilikuwa ndefu na simu ya upepo ilikuwa inakoroma. Akapiga alama ya vema.

Niligonga ukingo wa dirisha. Nikagonga tena. "Huyo si mama yake! Hata kumjua hamjui!"

Kifua alichungulia dirishani, na kwa mara ya kwanza alisema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mwenzake kazi.

"Mama, yule ameulizwa akajibu. Wewe ulinipa hadithi ya ukoo."

Msimamizi wao alikuja saa tisa na dakika hamsini na tano, kijana aliyevaa suti ya bluu iliyompwaya. Nilimweleza kwa mpangilio: nani, lini, wapi. Alisikiliza akiitazama simu yake, kisha akanionyesha orodha.

"Hapa mama ameshaingia. Saa tisa na dakika arobaini na sita. Wewe umechelewa."

"Sijachelewa. Nilikuwa humu ndani ya kibanda chenu."

"Alama imeshapigwa."

"Imepigwa kimakosa."

"Mama, orodha ni orodha." Alilisema bila chuki. "Tiketi zimekwisha tangu juzi. Tafadhali usikae langoni, unaziba njia."

Nilipiga simu ya mtoto. Ilikuwa imezimwa, kama alivyoniambia ingekuwa. Nilipiga tena mara sita, nikijua.

Nilizunguka ukumbi kwa nje, nikifuata uzio, mpaka upande wa nyuma karibu na mapipa ya taka. Pale ukuta ulikuwa na matundu ya hewa yaliyofunikwa kwa nondo, na chini yake ngazi mbili za saruji zisizoelekea mlango wowote. Labda mlango ulizibwa zamani. Niliketi kwenye ngazi ya juu. Viatu vilinibana, nikavivua.

Walianza saa kumi na dakika saba.

Kupitia ukuta ngoma husikika zaidi ya vyote, kisha gitaa zito, na sauti za watu huja mwishoni zikiwa hazina maneno. Tarumbeta ilikuwa nyembamba kama uzi. Kwa dakika arobaini sikuweza kuitenganisha na nyingine mbili. Sikuwa na huzuni wakati huo, nilikuwa na kazi: nilikuwa namtafuta.

Kisha ngoma zikanyamaza na akapiga peke yake.

Niliujua wimbo. Ulikuwa ule wa kabatini, wenye noti tisa zinazopanda kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo. Alipokuwa na miaka kumi na minne aliupiga kila jioni, mara thelathini, mara arobaini, na kila mara sauti ilimkatika kwenye noti ya saba. Nilikuwa naosha vyombo, na ilipofika ya sita mkono wangu ulisimama kwenye povu, peke yake, ukingoja. Inakatika. Kimya. Anavuta pumzi. Anaanza upya. Sikuwahi kumwambia kwamba nilikuwa nahesabu.

Sasa alipofika ya sita niliona mkono wangu umesimama hewani, juu ya magoti, na hapakuwa na chombo wala povu.

Ya saba ikapanda. Ikakaa pale, haikutetemeka. Ya nane. Ya tisa.

Makofi yalikuja ukutani kama mtu anayemimina maharagwe makavu kwenye sufuria. Nilipiga na mimi. Mtu wa usafi aliyekuwa akimwaga ndoo kwenye mtaro alisimama akanitazama, mwanamke mtu mzima, bila viatu, anaupigia makofi ukuta.

"Unampigia nani, mama?"

"Aliye ndani."

"Si uingie?"

"Nimeshaingia," nikamjibu. "Kwa mujibu wa orodha."

Alitikisa kichwa, akachukua ndoo yake.

Saa kumi na mbili kasorobo watu walianza kutoka. Nilirudi langoni kuchukua kitu changu, nikakuta foleni ya watu wenye vibao. Wakati nangoja, mwanamke wa kitambaa cha kijani alipita. Aliniona. Angeweza kuinamisha kichwa akaendelea, lakini alikuja mwenyewe. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Dada, nisamehe. Nilitoka mbali na tiketi zilikuwa zimekwisha. Nilikusikia pale nikadhani wewe ni mmoja wa wale… wale wanaosema ni mama."

"Na wewe?"

"Na mimi." Aliangalia chini. "Hakuna aliyeniuliza zaidi."

Nilikuwa na maneno mengi, na baadhi yangetosha kumwaibisha mbele ya watu. Lakini muda ulikuwa mfupi na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na taarifa nilizozihitaji.

"Alikiangalia kile kiti?"

"Ee. Mara mbili. Mara ya kwanza kabla hajaanza ule wimbo wa peke yake. Taa zilikuwa zinammulika usoni, sidhani kama aliona sura. Ila alitazama hapohapo nilipo."

"Na ya pili?"

"Alipomaliza. Alishusha tarumbeta akanitazama, akatabasamu, na mimi sijui nilipatwa na nini. Nikalia. Mtu mzima mimi. Sina mtoto wa kiume."

"Alivaa nini?"

"Shati jeupe. Mikono amekunja."

Alikuwa na kawaida hiyo tangu shule. Nilimgombeza miaka yote, vifungo vya mikono vina kazi yake. Nilimshukuru yule mwanamke. Alingoja nimtukane, na nilipokosa kumtukana akaondoka haraka, kana kwamba nimemtukana.

Simu iliita saa kumi na mbili na dakika kumi. Kulikuwa na mngurumo wa basi.

"Mama mdogo! Umekuja!"

"Nilisema nitakuja."

"Nimekuona. Yaani zile taa hazionyeshi kitu, zinaonyesha kivuli tu, lakini nimekuona. Ulikuwa unafuta macho. Wewe! Sijakuona ukilia hata siku ya mazishi."

Foleni ilisogea hatua moja na mimi nikasogea nayo.

"Walikusumbua langoni?" aliuliza, na sauti yake ikawa ndogo, ya mtu anayejifanya hauliza. "Pale kwenye orodha niliandika *Mama* tu. Kalamu ilikuwa mkononi, nikasema acha niandike. Kisha usiku sikulala. Nikasema huyu atafika pale awaambie siyo. Namjua. Atasahihisha, watamzuia, na kiti kitakuwa kitupu." Alicheka. "Halafu nikaona kuna mtu. Kwa hiyo hukuwaambia siyo."

Ukweli ulikuwa mfupi na nilikuwa nao kamili, pamoja na saa na dakika. Ungemwambia kwamba tabasamu lake lilimwendea mtu asiyemjua. Ungemwambia pia kwamba alinijua sawasawa.

"Niliwaambia mimi ndiye mama," nikasema.

Hilo ni kweli. Nililisema, mara ya pili, na Kifua ni shahidi.

Upande wake basi lilinguruma.

"Na ile ya saba," nikaongeza, "safari hii haikukatika."

"Ulikuwa unahesabu?"

"Kila siku."

Mtu alimwita. Akasema wanafunga milango, akasema atapiga akifika. "Haya, mama," akasema. Alingoja kidogo, kama mtoto aliyeweka kitu kwenye ukingo wa meza akitazama kama kitaanguka. Sikusahihisha. Simu ikakatika. Mazungumzo yalikuwa ya dakika mbili na sekunde arobaini.

"Kumi na nne!" aliita Kifua.

Nilimpa kibao. Akakitafuta kipande sandukuni, akakifuta kwa shati lake kabla ya kunirudishia, jambo ambalo hakulazimika kulifanya. Kisha akanisogezea daftari nitie saini.

"Jina kamili hapo, mama. Kama kwenye kitambulisho."

Nikaandika kama kwenye kitambulisho.

Sasa ni mwezi wa tano tangu aondoke. Hupiga simu Jumapili, na kila Jumapili, kabla ya kuaga, huirudia siku ile. Ananiambia nilivyofuta macho kwanza kwa kiganja, kisha kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Mimi sijifungi kitambaa kichwani na yeye anajua, lakini kivuli ni kivuli. Nasema ndiyo. Katika daftari lolote nililowahi kulishika, kosa kama hilo hupigwa mstari kwa wino mwekundu na karani akatia saini pembeni. Hili nimeliacha lilivyo, na hakuna mtu mwingine anayelijua ila mwanamke mmoja ambaye sikumuuliza jina.

Kipande cha shaba kiko dirishani jikoni. Posta walisema kinaweza kutumwa, sijakituma. Jioni nyingine, vyombo vikiisha, nakitia mdomoni nikapuliza. Bila tarumbeta kinatoa sauti ya bata, tena bata mgonjwa. Makoti yake mawili bado yananing'inia kabatini. Hukipulizia humo ndani, ili majirani wasilalamike.